Picha Kwenye Chupa ya Uyoga

Kinyozi alikuwa na mke mmoja, kiti kimoja cha kunyolea na adui mmoja. Adui huyo alikaa ndani ya chupa ya chai, alikuwa na rangi ya maji ya mfereji, na kila asubuhi kinyozi alikabidhiwa chupa hiyo mlangoni kwa mapenzi yote.

"Unywe yote, baba watoto," mkewe alimwambia. "Usibakishe hata tone."

Mambo yalianza na gunia. Shangazi yake mke, anayeishi ukingoni mwa msitu, aliwatumia uyoga mkavu, ule ule ambao ukoo wao umeufanya kitoweo tangu enzi za mabibi. Mke alikuwa ndiyo kwanza ameacha kazi ya mapokezi katika ofisi moja, kwa sababu mashavu yake yalichoka kutabasamu. Siku moja akaona kwenye simu kwamba siku hizi watu hawali uyoga tu, wanaunywa, eti ni afya. Akausaga, akatia tangawizi, akatia asali, akachemsha mpaka majirani wakafunga madirisha.

Mtu wa kwanza kuonja alikuwa kinyozi. Ulimi wake ulirudi nyuma kama mtu aliyekanyaga kitu laini gizani.

"Vipi?" mke aliuliza, macho yamemng'aa kama ya bibi harusi.

Kinyozi alikuwa na nafasi ya kusema kweli, nayo ikapita.

"Kina... kina uzito."

"Si ndiyo nguvu yenyewe hiyo!"

Kesho yake, nyuma ya duka lake, alikuwa ameshainamisha chupa ili amwage aliposikia sauti. "We kijana, unamwaga nini?"

Alikuwa Mzee Redio, mstaafu aliyekuja dukani kila siku ingawa kichwa chake kilikuwa kimeshanyolewa na Mungu mwenyewe. Alikuja kwa ajili ya benchi na masikio ya watu. Aliichukua chupa, akanusa, akapiga funda moja, akafumba macho.

"Lo! Hiki kitu kitamu," alisema. "Kina ladha ya ardhi iliyonyeshewa."

"Ardhi ndiyo inayonishinda, mzee wangu."

"Basi niletee mimi."

Tangu hapo chupa ilirudi nyumbani tupu na mke akafurahi. Kinyozi naye, kwa kuwa nyumba ilikuwa na amani, akalala vizuri na kuamka mchangamfu. Mke alimtazama, akaona dawa inafanya kazi.

"Mmemwona mume wangu alivyonawiri?" aliwauliza majirani. "Ni uyoga huo!"

Kabla kinyozi hajajua afanyeje, alikuwa amepigwa picha akiwa ameshika kikombe, ikabandikwa kwenye kila chupa ambayo mke alianza kuuza madukani. Chini yake paliandikwa: MIMI NAKUNYWA KILA SIKU. Alipokwenda dukani kununua sabuni, uso wake mwenyewe ulimchekea kutoka kwenye rafu. Akainamisha kichwa na kulipa haraka.

Uongo una miguu mifupi, lakini huu ulikimbia vizuri hadi Jumamosi moja duka la kinyozi likiwa limejaa. Mlango ulifunguliwa, mke akaingia na wanawake watatu waliotaka kuagiza chupa za kuuza kazini kwao.

"Huyu hapa mwenyewe," alisema kwa fahari. "Mnaiona hiyo ngozi? Baba watoto, hebu wanywee kidogo wakuone."

Akajaza kikombe hadi ukingoni. Kinyozi alikuwa na wembe mkononi na mteja mwenye nusu ndevu kitini. Alitamani yule mteja apige chafya, taa zizimike, lolote. Hakuna kilichotokea. Akakipokea kikombe, akanywa yote kwa mpigo.

Machozi yakamlenga. Akajaribu kutabasamu, upande mmoja wa mdomo ukakubali, wa pili ukagoma.

"Kitamu?" mmoja wa wale wanawake aliuliza.

Kinyozi akatikisa kichwa juu na chini. Kufungua mdomo hakuthubutu.

"Mnamwonea bure," Mzee Redio alisema kutoka kwenye benchi, kwa nia njema kabisa. "Huyo hajazoea. Mnywaji ni mimi! Kila siku ananiletea chupa yake, namaliza yote. Niulizeni mimi!"

Mke aliitazama picha kwenye chupa, akamtazama mumewe, kisha akaigeukia ngozi iliyokunjamana ya Mzee Redio, ambayo haikuwa imenawiri hata kidogo.

"Na wewe, mzee wangu, umepata nafuu gani?"

"Nafuu ya nini, mwanangu? Mimi siumwi. Nakipenda tu."

Mteja mwenye nusu ndevu akaangua kicheko, wote wakafuata, isipokuwa wenye ndoa yao. Hata hivyo wale wanawake waliagiza. Walisema mzee asiyedai lolote wanamwamini kuliko ngozi ya mtu.

Jioni mke aliketi jikoni bila kuwasha jiko.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza huku umefurahi," kinyozi alijibu. "Ningeanzia wapi?"

"Sasa sijafurahi. Anza."

Akavuta pumzi. "Kinanuka soksi iliyolowa. Kinashuka kooni kama kinapanda. Na hiyo tangawizi inapigana na asali, mimi ndiye uwanja."

Mke alinuna, akanuna zaidi, kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga.

"Mwongo mkubwa wewe! Mimi mwenyewe nakimeza na kipande cha mkate."

Wiki iliyofuata alipunguza uyoga, akaongeza maji na ndimu. Chupa mpya zilitoka na picha ya Mzee Redio, bila ahadi yoyote ya ngozi wala nguvu. Mzee alizipitia rafu zote za mtaani, akasimama mbele ya kila moja kuwaeleza wateja yule ni nani.

Kinyozi alipewa cheo cha mwonjaji. Chungu chochote cha uyoga atakachokionja bila kufumba macho ndicho kinachouzwa. Mpaka leo vitatu vimefaulu, na cha nne mke amekifunika kwa sahani, anamsubiri arudi kutoka kazini.