Usukani wa Basi la Vital

Mimi ndiye niliyelikwangua kutu basi lile la ghorofa mbili, Jumamosi baada ya Jumamosi, katika banda la Vital kule DeSoto, Texas. Zamu ya hospitali ikiisha, napaka grisi, nashona viti vya juu. Vital, Mkongomani aliyeliagiza likiwa kuukuu kutoka Uingereza, aliniahidi: bibi harusi wa kwanza atakayelipanda, nitamwendesha mimi.

Ahadi ikavunjwa na kofia, jamani. Cheruiyot, mtu wa ofisini huko Plano, alikuja juzi tu na leseni kama yangu, hajachafua hata ukucha. Siku ya harusi akajaribu kofia ya dereva, mke wa Vital akasema imemkaa, atapendeza kwenye picha. Mimi nikapewa kengele ya nyuma: mlio mmoja simama, miwili twende. Nilimwonea wivu, sifichi.

Jackie, bibi harusi, alipanda juu na shangazi zake, vigelegele juu ya vigelegele. Nikapiga miwili. Cheruiyot akaling'oa basi taratibu, kwa ulaini hata nikamchukia zaidi, maana nilitaka gia zimlilie.

Tukasimama kituo cha mafuta. Sasa, kutoka pale. Basi lile lina usukani kulia, kama magari ya kwetu. Miaka yote ya Texas Cheruiyot ameendesha akiketi kushoto na kushika upande wa kulia wa barabara. Alipoketi kulia, mikono ikarudi kwao Kericho, Kenya. Akaingia barabarani upande wa kushoto, hana wasiwasi, na lori linatujia.

Moyo wangu ukachekelea. Aibike! Avuliwe ile kofia mbele ya kamera! Lakini mkono ulishavuta kamba ya kengele. Mlio mmoja. Cheruiyot akakanyaga breki, lori likapiga honi, likasimama puani petu. Nikaruka chini, nikazuia magari, nikamwongoza arudi kinyumenyume.

Vital, aliyekuwa akitufuata na gari lake, akaja mbio, jasho linamtoka. Nikanyoosha mkono nipewe ufunguo.

Akanikumbatia. "Onyancha, ndugu yangu, wewe njo umeokoa batu! Chauffeur, dereva, nitapata mwengine. Lakini kwa kengele, sitakutoa hata siku moja."

Kisha akamgeukia Cheruiyot. "Rudia usukani, usiogope. Onyancha iko nyuma."