Mbuzi wa Kufunga Muhula

Mwalimu Natabo alimtazama Sahal, akamtazama Lomuria, kisha akaitazama sufuria. Kati ya hao wote, mbuzi peke yake ndiye hakuwa na kosa, na yeye alikuwa ameshaanza kuchemka.

"Nani amechinja?"

"Ni mimi, Mwalimu," Lomuria akasema.

Natabo akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya jiko la chuo. Kilio kilimjia, na kicheko pia, lakini akachagua hasira maana ndiyo aliyoizoea. Hakuna mtoto wa Isiolo asiyejua jambo hili! Wakikutana watu wa dini mbili kwenye sherehe, Muislamu huitwa ashike kisu, ataje jina la Mungu, ili wote waweze kula. Natabo mwenyewe, Mturkana aliyebatizwa, alimwita Muislamu achinje siku ya arusi yake, wala hakuna aliyemfundisha darasani.

"Sahal, na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapo hapo, Mwalimu. Kisu nilimpa mimi."

"Ulimpa!"

"Si ulisema tusifuate desturi za upande mmoja tu? Nikaona kila siku tunachinja sisi Waislamu, wacha leo nimpe nafasi. Nilijua tu atakataa."

"Na wewe Lomuria, mdomo wako wa kukataa uliuacha nyumbani Burat?"

"Ulisema mwenzako akikuheshimu usimuaibishe," Lomuria akajibu, macho chini. "Nikaona nikikataa ni madharau."

Muhula mzima Natabo alikuwa amewafundisha walimu hawa watarajiwa somo la Dini na Ujirani. Alikuwa amepigania somo hilo mpaka sauti ikamkauka, na haya ndiyo mavuno yake: vijana wawili wenye adabu nyingi hadi wamesahau walichofunzwa na mama zao.

"Kabla sijawafundisha mlikuwa mnajua!" akafoka. "Nimewaharibu mimi mwenyewe!"

Kwenye mafiga ya pembeni, Kowsar alikuwa akigeuza wali. Huyo ndiye mwanafunzi aliyemtoa Natabo jasho kuliko wote. Babake, Abdighani, mwenye malori yanayopeleka bidhaa Oldonyiro, alimruhusu kusoma kwa shingo upande. "Majirani nawajua, Mwalimu," alikuwa amesema. "Hilo somo ndilo silijui. Siku ya kufunga nitakuja kula na nyinyi. Nikiona mtoto wangu anafundishwa kuacha njia yake, tunarudi pamoja nyumbani, na masomo yameisha."

Na sasa lori lake lilikuwa linapiga honi langoni.

Mkuu wa chuo akaja mbio, tai imepinda. Alipoambiwa, hakupoteza muda. "Ikishaiva nani atajua? Nyama ni nyama. Pakueni."

Natabo alipaswa kumjibu pale pale. Badala yake alimtazama Kowsar, akafikiria mtoto yule akipandishwa lorini na sanduku lake. Maji yalikuwa yameshamwagika, na yeye bado alikuwa anatafuta namna ya kuyazoa. Alijichukia kwa hilo.

"Salaam aleikum," Abdighani akasema, akaketi mezani. Nyama ilipoiva, Mkuu mwenyewe akamwekea sahani mbele yake, anatabasamu hadi jino la mwisho.

Lomuria, aliyeketi kando ya Mkuu, akaiondoa.

"Mzee, hii usikule. Nimechinja mimi. Kula wali, Kowsar ameupika kando na mwiko wake."

Mkuu wa chuo alikuwa akimkanyaga mguu chini ya meza, na watu wote wakaona. Abdighani naye akaona.

"Wewe si mtoto wa Ekitela wa Burat? Si kila Krismasi babako ananiita nimchinjie?"

"Ndiyo, mzee."

"Na wewe ndiye unanishikia miguu ya mbuzi, tangu ukiwa hivi. Leo imekuwaje?"

"Tulikuwa tunaheshimiana, mzee."

Abdighani akamgeukia Natabo. "Mwalimu, hapa mnafundisha nini?"

"Hata mimi sijui tena," Natabo akasema, na ulikuwa ukweli mtupu.

Mzee akala wali mkavu bila mchuzi, uso umekunjamana, mpaka akaumaliza. Alipoinua kichwa, Kowsar alikuwa amesimama na sanduku lake mkononi, macho mekundu.

"Hilo linaenda wapi?"

"Nyumbani, baba. Si ulisema?"

"Rudisha." Alisema kwa ukali, kana kwamba msichana ndiye aliyechinja. "Huyu kijana angeninyamazia ningekula, nikashukuru, nikaenda zangu. Amekanyagwa mguu na bado amesema. Mahali penye mtu kama huyo nikutoe nikupeleke wapi?"

Natabo akageuka, akajifanya anafunika sufuria. Machozi yalimtoka, na bado alikuwa amekasirika.

"Lakini muhula ujao, Mwalimu," Abdighani akaongeza, akitafuta viatu vyake kwa miguu chini ya meza, "msinisomee mambo mengi. Kisu nitakuja nacho mimi."

"Na mimi nitashika miguu," Lomuria akasema.