Funda la Chai la Mwanenu

Mama Redio, jirani yetu wa ukuta mmoja, anasema Mwanenu alimjibu yeye mwenyewe. Anasema alimlalamikia kuhusu taa iliyokufa mbele ya mlango wake, na siku ya tatu ikaingia sauti kwenye simu: "Mama yangu, nimekusikia. Wakubwa wamekupuuza, mimi nitakubeba." Anasema hata funda la chai alilisikia, mtu alikatiza maneno, akanywa, akaendelea, kama yuko jikoni kwake. Wiki haikuisha, taa ikawaka.

Taa iliwaka kweli, sibishi. Ila fundi wa umeme nilimwona akikagua nguzo ile kabla Mama Redio hajatuma chochote.

Mwanenu ndivyo anavyojiita mgombea wa chama cha wanyonge. Kila alfajiri anaingia kwenye simu: "Shikamoo, mama." Shangazi yangu, aliyenilea tangu nina meno ya utotoni na ambaye Mungu hakumpa wa kumzaa, huweka pasi chini, hujifuta mikono, akarekodi: "Marahaba, mwanangu. Umelalaje? Umekula?" Miezi mitatu hajaruka hata siku moja. Salamu haiachwi chini, anasema.

Simu namfungulia mimi. Majibu yake nayaona yamepangana, kila moja na tiki mbili za kijivu. Yamefika, hakuna aliyeyasikiliza.

"Shangazi, huyu anasalimu nchi nzima."

"Afadhali yeye. Wewe mwenye shangazi mmoja ukiamka unauliza sukari iko wapi."

Kisha bomba la madobi likafungwa. Tuko kumi na mmoja tunaofua pale uani. Ofisi ya maji ikasema mwenye bomba aende akajieleze kabla ya Ijumaa saa sita mchana, la sivyo linang'olewa. Bomba limeandikwa jina la shangazi, mwingine hasikilizwi. Badala ya kwenda, akamrekodia Mwanenu maneno marefu, kuanzia siku mtaro ulipochimbwa. Kesho yake ikaja: "Mama yangu, nimekusikia..."

"Umeona?" akasema. "Mwanangu kalibeba."

Nikaazima simu ya Mama Redio, mwenyewe akaifuata. Nikaziweka mbili juu ya meza ya pasi, nikazibonyeza pamoja. Sauti ileile, na funda la chai likashuka makoo yote mawili kwa mpigo mmoja. Mama Redio akaizima simu yake, jambo ambalo mtaa huu haujapata kulishuhudia. Shangazi alicheka mpaka akakohoa.

"Mama mwenye watoto kumi huita mara moja tu kwamba chakula tayari. Kuna anayesema yeye hakuitwa?"

"Lakini huyo mama huwahesabu wakishakaa," nikasema.

Akarudi kwenye kola ya shati la watu.

Ijumaa alfajiri salamu haikuja. Shangazi alipiga pasi shati moja mara tatu, jicho kwenye simu. "Labda anaumwa," akasema. Saa nne wenzetu wakasimama mlangoni wamevaa nguo zao wenyewe, na kwa mara ya kwanza zimenyooka.

"Dada mkubwa," mmoja akamwita, "leo tukikukosa, kesho tutafua kwa machozi."

"Machozi yenu hayatoi povu," akajibu, lakini akaketi kitini, akaninyooshea miguu. Karatasi ya bomba nilikuwa nimeshaitoa kwenye sanduku, nimemwekea mapajani. Nikapiga magoti nimvalishe viatu, maana kiuno chake hakiinami tena. Cha kulia kikaingia.

Simu ikalia mezani. "Shikamoo, mama."

Uso wake ukafunguka wote. Nilimpenda sana dakika ile, na sikupata wa kumchukia.

"Twende, shangazi," nikasema, cha kushoto kiko mkononi mwangu. "Tafadhali. Wanakungoja wewe."

Akainua kidole, nisubiri, akaivuta simu karibu na mdomo.