Zamu za Jumanne na Ijumaa

Generosa alipoitwa ofisini kwa meneja Jumatatu ile, alidhani anakwenda kuombwa afanye zamu ya ziada. Akakuta karatasi mezani. Ilikuwa na majina ya wazee walioanguka tangu mwezi wa tatu uanze katika ile nyumba ya kutunzia wazee, huko Edmonton, kaskazini mwa London, na tarehe walizoanguka. Walikuwa wanane. Sita kati yao walikuwa wamepakwa wino wa njano.

"Hao sita wameanguka siku zako," alisema Evans, meneja, kwa ile sauti yake ya upole inayotangulia mabaya. "Jumanne na Ijumaa. Hesabu ndiyo hiyo, Generosa. Si mimi niliyeitunga."

"Umewauliza walianguka vipi?"

"Nakuuliza wewe."

"Hujaniuliza. Umenionyesha karatasi."

Evans akavuta pumzi kama mtu anayevumilia mengi. Akamwambia kwamba kikao cha nidhamu kitakaa baada ya wiki tatu. Mpaka hapo asimguse mzee yeyote, ashuke chini kwenye chumba cha kufulia. Kisha, kana kwamba limemjia hivi hivi, akamkumbusha kwamba kibali chake cha kufanya kazi Uingereza kinategemea nyumba hii.

Generosa alishuka ngazi. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Kabla ya kuja London alikuwa amefundisha fizikia miaka kumi na miwili katika sekondari ya wasichana Bukoba, na hakuna kitu kilichomuudhi darasani kama mwanafunzi aliyeandika jibu kwanza halafu akatafuta hesabu ya kulifikia. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa ameishika kazi yake mkononi.

Katika wale sita alikuwemo Mohinder, mzee wa miaka themanini na minne, mzaliwa wa Nakuru, fundi wa reli wa zamani. Alikuwa ameteguka kifundo cha mkono. Walikuwa wakizungumza Kiswahili tangu siku ya kwanza, na yeye hakumwita Generosa kwa jina hata mara moja, alimwita mwalimu.

"Mzee, sema kweli," Generosa alimwuliza jioni hiyo alipompelekea nguo zake zilizopigwa pasi. "Siku ile nilikuachia?"

"Uniachie wapi? Mkono wako ulikuwa hapa," Mohinder akajigusa mgongoni. "Mguu wangu haukuteleza. Ile fremu ya kutembelea ndiyo ilikimbia. Nimemwambia yule bwana. Akaniandika kwamba nimechanganyikiwa."

Mzee aliyekuwa bado anataja kwa kichwa vituo vyote vya reli kutoka Mombasa hadi Kisumu, ameandikwa kwamba amechanganyikiwa!

Akanunua daftari. Alishajua mkosaji ni nani: dawa mpya ya kung'arishia sakafu. Korido ilimeremeta mno siku hizi. Lakini kujua kwa namna hiyo ndiko alikokuwa akikufanya Evans, kwa hiyo akataka kupima. Alikuwa na mizani ndogo ya kuning'iniza, ile ya kupimia mabegi kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Alichukua ndara ya mzee mmoja, akaijaza pakiti za sukari, akaifunga kamba na kuivuta kwa mizani kwenye korido iliyotoka kung'arishwa, akisoma ni kilo ngapi zinahitajika ianze kuteleza. Kisha akaivuta kwenye chumba cha kulia, ambako dawa ile haikutumika. Mara kumi huku, mara kumi kule.

Hapakuwa na tofauti.

Aliketi juu ya kapu la mashuka akiitazama ile ndara kama imemsaliti. Alitamani kurudia mpaka mizani ikubali. Badala yake akaandika daftarini: *Sakafu siyo.* Akaikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Jumanne iliyofuata, Generosa akiwa chini na mashine zake, mzee mwingine alianguka ghorofani. Siku hiyo Mwende, Mkamba wa Machakos, ndiye aliyekuwa zamu. Generosa alisikitika sana kwa yule mzee, lakini pia, na aliona haya kulikiri, aliona mlango umefunguka. Akapanda moja kwa moja hadi ofisini.

"Leo sikuwepo," alisema.

"Najua," Evans akajibu bila kuinua kichwa. "Mwende amejifunza kazi kutoka kwako. Umemwambukiza uzembe."

"Kwa hiyo nikiwepo wanaanguka kwa sababu yangu," Generosa akasema, "na nisipokuwepo wanaanguka kwa sababu yangu. Hebu niambie, Bwana Evans. Kitokee kitu gani ndipo ukubali kwamba siyo mimi?"

Evans akageukia kompyuta yake. "Usipandishe sauti."

"Sijapandisha. Nimeuliza. Kama hakuna kitu chochote kinachoweza kukuonyesha umekosea, basi hujachunguza kitu. Umenichagua tu."

Aliondoka. Mwende alikuwa akimsubiri penye ngazi, macho mekundu, maana naye alikuwa ameonywa. "Dada Gene, mimi sikumwachia. Nilikuwa nimetoka kumwogesha, tumefika tu korido, fremu ikaenda. Hivi!" Akasukuma hewa kwa mikono miwili.

"Umetoka kumwogesha?"

"Si leo ni Jumanne? Jumanne na Ijumaa ndizo siku za kuogesha."

Generosa akamshika mkono, wakashuka wote. Akafungua daftari, wakaanza kukumbushana juu ya kila mmoja aliyeanguka, jina kwa jina. Wale sita, wote walitoka bafuni. Wa saba alianguka Jumatano, lakini aliogeshwa siku hiyo kwa sababu alikuwa akipelekwa kwenye harusi ya mjukuu. Wa nane alipata kizunguzungu akaanguka kutoka kitandani, hata fremu hakuwa nayo.

"Huyo mwache," alisema Mwende. "Atatuharibia."

"Hapana, anabaki. Tukimfuta huyo tutakuwa kama yule wa juu."

Kuogesha hakukuanza mwezi wa tatu, kwa hiyo bafu peke yake halikutosha. Mwende ndiye aliyekumbuka: mwezi wa tatu fremu zote za nyumba zilibadilishiwa vile vikofia vinavyovikwa kwenye miguu yake. Vilikuja vipya, vyeusi, vigumu kuliko vya zamani. Wazee watatu walioletewa fremu zao kutoka nyumbani hawakubadilishiwa. Hao nao waliogeshwa Jumanne na Ijumaa, wakatoka bafuni na Generosa huyo huyo, na hakuna aliyeanguka.

Walifanya jaribio Jumapili mchana chumbani kwa Mohinder, wote wawili wakiwa mapumzikoni, wamekuja kama wageni. Hakuna mtu aliyejaribiwa. Waliitundikia fremu magunia mawili ya mchele ya kilo kumi kumi. Mwende alirusha sarafu kila mara ili kuamua avishe vikofia vya zamani, vilivyobaki stoo, au vipya, akaifunika miguu ya fremu kwa shuka, akaandika kwenye karatasi yake bila kumwonyesha mtu. Generosa alivuta. Mohinder, miwani puani, alisoma mizani kwa sauti.

"Kwa nini na wewe usijue ni vikofia vipi?" aliuliza.

"Kwa sababu nina hasira, Mzee. Mtu mwenye hasira mkono wake unavuta upande anaoutaka."

Raundi ya kwanza ilimkata maini. Kumi na tatu, kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na tatu. Walipolinganisha na karatasi ya Mwende, vipya na vya zamani vilikuwa sawasawa.

"Siyo vyenyewe," alisema Generosa, akaanza kukunja kamba.

"Mwalimu," alisema Mohinder, "sasa mimi nilitoka bafuni mkavu?"

Generosa akamtazama, kisha akaenda bafuni akarudi na ndoo.

Walilowesha sakafu na vikofia, wakaanza upya. Kumi na moja. Nne. Nne. Kumi. Tatu. Kumi na moja. Sauti ya Mohinder ilikuwa ikizidi kupanda, na Generosa akamwomba asome tu, asishangilie. Baada ya mara ishirini Mwende akafunua karatasi yake. Kila nne na kila tatu ilikuwa ya vikofia vipya. Hakuna hata moja iliyokwenda kinyume.

Generosa hakufurahi kama alivyotarajia. Alikuwa akifikiria kile kifundo cha mkono, na wazee wanane walioangushwa na vikofia vile, wakalala sakafuni wakisubiri kuinuliwa, na mtu aliyeketi ofisini na kalamu yake ya njano. Jaribio hilo lilikuwa limechukua mchana mmoja.

Hakungoja kikao. Saa ile ile walimwonyesha nesi wa zamu, naye akaivuta fremu mwenyewe, akashika simu akiwa amekunja uso. Kufikia Jumatatu jioni vikofia vile vilikuwa vimeng'olewa vyote. Kikao kilipofika, Evans alikuwa na barua tayari. Ilisema kwamba *uongozi umebaini* hitilafu katika vifaa, na kwamba shauri dhidi ya Generosa limefungwa *kwa kukosa ushahidi wa kutosha*. Akamsukumia kalamu.

"Sisaini."

"Umeshinda, Generosa. Unataka nini tena?"

"Ushahidi haukukosekana. Ulikuwepo, nao unasema siyo mimi wala Mwende. Uandike hivyo. Uandike pia kwamba Mzee Mohinder alikwambia kweli siku ya kwanza ukamwita amechanganyikiwa. Na familia zao ziambiwe ni nini kiliwaangusha."

"Na nikikataa?"

"Nitapeleka daftari hili kwa wakaguzi wa serikali. Humu mna kila kipimo, hata kile nilichokosea mimi. Wasiniamini. Waje na mizani yao."

Evans alikataa. Generosa akalipeleka.

Ilichukua wiki sita. Mkaguzi alikuja, akavuta, akaandika namba zake mwenyewe, na barua mpya ikatoka. Ilisafisha majina yao wawili, na kwenye faili la Mohinder ule mstari ukakatwa. Familia zote ziliandikiwa. Katika wiki hizo sita alianguka mzee mmoja tu, siku ya Jumapili, akifikia rimoti ya televisheni. Generosa alimwandika naye.

Evans hakuomba radhi. Walipokutana koridoni alimwambia kwamba mtu mwenye kichwa kama chake anapoteza muda katika kazi hii.

"Sipotezi," Generosa akamjibu, akampita, akaenda kumwogesha Mohinder, kwa kuwa ilikuwa Ijumaa na alikuwa amekwisha kuchelewa dakika kumi.