Mlinzi wa Upande wa Kulia

Niliota usiku wa jana kwamba risiva niliyopanga kuichinja asubuhi ilikuwa imeamka kabla yangu, imekaa kwenye kiti changu mezani, inakunywa chai.

Nakusanya risiva za stirio za zamani, zile nzito zenye ubao ubavuni na taa ya kijani kwenye kioo cha stesheni. Nina diploma ya umeme. Mchana ndiyo inayoniajiri, jioni nafufua risiva. Hii ilikuwa imekufa upande wa kulia. Nilibadilisha transista, nikabadilisha kapasita, nikabadilisha spika. Kulia kimya. Kwa hiyo nilimwambia mume wangu, Elirehema, kwamba kukicha naichinja, vipuri vyake navigawa kwa wenzake. Akasema sawa. Tukalala.

"Mama Nakunda," risiva inasema, "habari ya kuchinjwa nimeisikia kwa upande mmoja. Sijaisikia kwa upande wa pili."

"Upande wa pili umekufa," nasema.

"Nani kakuambia?"

"Kipimo."

"Kipimo kiliongea na nani huko?"

Sipendi kubishana na kitu nilichokwisha kukiamulia. Nikageuka nichukue bisibisi. Haipo. Risiva wenzake wanayo. Wameshuka wote kutoka kwenye rafu, wamezunguka meza kama kikao cha ukoo cha kugawa mali, ila marehemu yupo na anaongeza sukari.

"Transfoma ni yangu," anasema yule mkubwa wa rangi ya fedha. "Hilo halina mjadala."

"Mimi naomba kioo," anasema mdogo mwenye ufa usoni.

"Kioo cha nini wewe, taa zenyewe huna?"

"Nitaweka."

"Jamani, bado napumua," anasema wa kuchinjwa.

"Tunaona. Kunywa chai."

Halafu wa kuchinjwa akanigeukia mimi. "Fundi husafisha kwanza, ndipo abadilishe. Wewe ulianza kubadilisha. Ingia ndani ukaangalie."

Yule mkubwa akakubali, kwa shingo upande. "Aingie. Sisi tunafungua skrubu. Akirudi na sauti ya kulia kabla ya skrubu ya mwisho, tunaacha. Asiporudi nayo, tunagawana."

"Naingilia wapi?" nikauliza.

"Kwenye tundu la antena, kama kila mtu."

Nikaingia. Ndani ni korido ya chuo nilichosomea, ila kuta ni za bati na sakafu ina joto. Sauti zinapita kwa miguu: msomaji wa habari, kwaya, mtangazaji wa mpira. Wakifika kwenye njia panda kila mmoja anagawanyika katikati, nusu kushoto, nusu kulia. Hakuna anayelalamika. Mimi nilikataa kugawanyika, nikaenda kulia mzima mzima.

Kulia kuna foleni. Nusu ya kwaya imeegemea ukuta. Nusu ya msomaji wa habari ameshika nusu ya karatasi.

"Mnasubiri nini?" nikamuuliza.

"Mlango. Nilikuja na habari za mvua, sasa hata sijui kama imenyesha."

Mbele ya mlango amesimama mlinzi, mwembamba kama sarafu, mweusi tii kwa kutu ya fedha, ile inayoshika ncha za swichi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Foleni inaanzia kule."

"Mimi ndiye mwenye nyumba. Fungua."

"Siwezi. Kitufe cha kaseti kilibonyezwa. Kikibonyezwa, sauti inatoka hapa inakwenda kwenye deki ya kaseti, inarudi, ndipo nafungua. Ilikwenda. Haijarudi."

"Kitufe nilishakiachia."

"Ndivyo alivyosema mwenzangu wa kushoto. Akafungua, akaenda zake. Mimi sijaona mtu wa deki hapa."

Nikaelewa. Kitufe kilirudi nusu. Kushoto kiliachia, kulia kilikwama kwa uchafu. Nimeng'oa transista nzima kwa sababu ya swichi ambayo ningeisafisha kwa pamba.

Juu ya paa skrubu ya kwanza ikaanguka.

"Deki ilikufa," nikamwambia mlinzi.

Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Mama, msiba unaletwa hivyo? Mtu amesimama?"

Skrubu nyingine ikaanguka. Utaratibu naujua. Kwetu mtu hapewi habari ya msiba akiwa wima. Anakalishwa, anaulizwa kama amekula, anapewa maji, halafu unaanzia kwenye ugonjwa. Mimi huwa natuma ujumbe wa simu, na mama mkwe huwa ananisema.

"Basi kaa kwanza, baba."

Akakaa.

"Umekula?"

"Tangu niwekwe hapa, hapana."

Mfukoni mwangu mkawa na ndizi ya kuchemsha. Nikampa. Nusu ya kwaya ikaleta nusu ya kikombe cha maji. Skrubu zinaendelea kuanguka.

"Yule ndugu yetu deki," nikaanza, "alikuwa anaumwa."

"Nini?"

"Mkanda. Ule mpira wa ndani ulilegea, akawa anaimba polepole."

"Mlimtibu?"

"Tulimbadilishia mkanda. Akapata nafuu, hata akarekodi kipaimara cha Nakunda. Baadaye akaanza kutafuna kaseti."

"Aa."

"Akawa anatafuna kila anachopewa. Sasa, baba, ndiyo hivyo. Alituacha. Ile sauti uliyompa amekwenda nayo."

Mlinzi akaweka chini ile nusu ya kikombe. Paa likainuka upande mmoja, mwanga ukaingia, na sauti ya yule mkubwa ikasema, "Imebaki moja."

Mkono uliniwasha kumsukuma. Ningemsukuma angevunjika, na mlango ungebaki umefungwa moja kwa moja. Nikakaa naye chini.

"Amehifadhiwa vizuri?" akauliza.

"Yuko juu ya kabati, ndani ya boksi. Nimemfunika shuka."

"Hamkumchinja?"

"Hapana."

Bisibisi inazunguka juu yetu, taratibu.

"Nashukuru umekuja mwenyewe," akasema. Akanipa mikono yote miwili, baridi, akaishika yangu kwa muda mrefu. "Pole, mama."

"Asante. Pole na wewe, baba."

Akainuka, akasogea pembeni. Mlango ukafunguka na nusu ya kwaya ikapita mbio inaimba, mmoja akanikanyaga kidole.

Nikaamka. Kumekucha, kuku wanadai chakula. Nikaenda stoo, ninakofanyia ufundi, kabla ya kufunga kanga vizuri. Risiva ipo mezani, skrubu zote ziko mahali pake. Kitufe cha kaseti kimetoka chote, kimesimama sawa na wenzake. Nikaiwasha. Kwaya ya asubuhi ikatoka kushoto, ikatoka na kulia.

Elirehema akaja na chai, akasimama mlangoni anasikiliza.

"Si ndiyo ya kuchinja hii?"

"Siichinji."

"Kwani ilikuwa na nini?"

"Ilikuwa na msiba."

"Poleni," akasema, akaninyooshea kikombe.

Nikakipokea kwa mikono miwili. Usiku, kabla ya kulala, nilikuwa nimeoga, nikasugua hadi kucha. Nilipokiweka kikombe mezani, pande zake zote mbili zilikuwa na alama za vidole vyangu, nyeusi tii.