Matuta ya kwa Munyiva

Huko Mumbuni, Machakos, mtu akishona pindo likaenda upande, au akipanga viti vya harusi bila kufuata safu, aliambiwa kwamba kazi yake ni kama matuta ya kwa Munyiva. Munyiva aliusikia msemo huo tangu akiwa msichana. Alipofikia umri wa kuitwa nyanya bado aliusikia, na bado haukumfurahisha.

Matuta yenyewe yalikuwepo, na yalikuwa yamepinda kweli. Yalipanda ubavu wa kilima juu ya barabara ya vumbi, moja juu ya jingine, yakizuia udongo usichukuliwe na mvua. Yalichimbwa na mama yake Munyiva pamoja na wenzake wa mwethya, kikundi cha akina mama waliosaidiana kulima kwa zamu. Siku ya kuyachimba walijigawa makundi mawili. Kila kundi lilianzia upande wake, na kila kundi liliimba ili kulishinda jingine. Wimbo ulinoga, kipimo kikasahaulika. Makundi yalipokutana katikati, la mashariki lilikuwa juu na la magharibi lilikuwa chini. Hakuna aliyekubali kufukia kazi yake. Basi wakaunganisha kwa kuulaza mstari mzima upande mmoja, kisha wakafanya vivyo hivyo katika kila tuta lililofuata, ili angalau yafanane. Bwana shamba wa wakati huo alikuja, akatazama, akavua kofia, akaivaa tena, akaenda zake.

Ajabu ilikuwa chini ya shamba hilo. Kipande cha barabara kilichopita hapo wenyeji walikiita Mpando, kwa sababu maji yaliyomwagwa hapo yalipanda mlima. Mpira nao ulipanda. Gari lililoachwa bila gia lilijikokota kwenda juu, huku dereva ametoa mikono nje ya dirisha ili wote waone kwamba hafanyi lolote. Kufikia mwaka 2003, watu walikuwa wakija kutoka Nairobi kila Jumapili. Walikuta kibanda cha Zuleha, mama wa familia moja ya Waislamu wa mjini, akiuza chai ya tangawizi, mahamri na chupa za maji ya kumimina. Palikuwa na desturi moja tu. Mwenyeji hakumimina. Mgeni alimimina mwenyewe, asije akarudi kwao akasema amefanyiwa mazingaombwe.

Mwaka huo Laban alirudi na mpango. Laban alizaliwa ng'ambo ya kijito, akafanikiwa katika biashara ya vifaa vya ujenzi, akajenga nyumba Syokimau. Sasa alitaka kujenga hoteli karibu na Mpando. Hoteli ilihitaji maegesho ya magari, na ardhi iliyofaa ilikuwa moja tu: shamba la Munyiva. Baraza la mji liliusikiliza mpango huo kwa hamu. Lilimtuma mthamini wake, kijana aliyeitwa Mutiso, apime thamani ya Mpando na thamani ya shamba. Ikionekana kwamba shamba halina thamani kubwa, baraza lingelitwaa na kumlipa Munyiva fidia.

Munyiva hakutaka fidia. Alitaka kuzeeka mahali ambapo jembe lake lilijua kila jiwe. Rafiki yake Zuleha alimhurumia, lakini hakuficha kwamba hoteli ingemletea wateja. Kwa wiki nzima walikunywa chai pamoja bila kuitaja.

Mutiso alifika na pimamaji, kamba ya kupimia na maswali mengi. Aliwauliza wageni wametoka wapi, wametumia muda gani njiani, na mahali hapa pakipotea watakuwa wamepoteza nini. Mzee mmoja wa Nairobi alijibu kwamba angepata nafasi ya kulala Jumapili mchana. Abukar, mfanyabiashara wa mifugo aliyepita hapo na mbuzi wake kila siku ya soko, alifikiri zaidi. Alisema kwamba mbuzi wake hawajawahi kushangaa, lakini yeye humimina maji kila apitapo. Mtu mzima, alisema, hapati mahali pengi pa kucheka peke yake bila kuulizwa ana nini.

Kisha Mutiso akapanda shambani. Alitembea juu ya matuta, akaonja mbaazi mbichi, akasifu udongo. Mwishowe alimwambia Munyiva ukweli kwa heshima. Shamba lilikuwa zuri, lakini mtu wa baraza akitazama kutoka barabarani ataona matuta yaliyopinda, na atasema limetunzwa ovyo.

"Mama, yangekuwa yamenyooka, ningekuwa na la kukutetea," alisema.

Munyiva hakulala vizuri. Wajumbe wa baraza walitarajiwa Alhamisi, pamoja na watu wa kampuni za utalii. Asubuhi aliwaita wenzake wa mwethya. Aliwaeleza kwamba hakuna muda wa kunyoosha matuta yote, ila lile la chini, linaloonekana kwanza, linaweza kunyooshwa. Walikubali mara moja. Huwezi kupokea wageni uani pakiwa hapajafagiliwa. Laban aliposikia alifurahi kuliko wote, akatuma vibarua na toroli. Aliona kwamba aibu ya kijiji inaondoka kabla ya wageni wake kufika, na hakujali inaondoka kwa faida ya nani. Zuleha alichemsha chai sufuria baada ya sufuria.

Walifanya kazi safi. Walifunga kamba kutoka mwisho hadi mwisho wa tuta, wakaipima usawa kwa chupa ya maji iliyolazwa, wakachimba, wakajaza, wakashindilia. Waling'oa mkonge wa zamani uliofuata mstari uliolala, wakaurundika kando, wakapanda michache mipya kwa safu. Jioni tuta lilikuwa limenyooka kama meza. Munyiva alishuka hadi barabarani akalitazama kwa muda mrefu. Kwa mara ya kwanza alitamani msemo ule usemwe tena, ili aonyeshe kwa kidole.

Alhamisi magari yalifika. Laban alitoa hotuba fupi, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Alizungumza juu ya urithi, vyumba vyenye roshani na kiwanja cha nyasi. Kisha mama mmoja wa kampuni ya utalii akapewa chupa, naye akamimina.

Maji yalikwenda kulekule yaendako siku zote. Lakini safari hii kila mtu aliona kwamba kule ni chini.

Mama yule alisubiri kwa adabu, akidhani ajabu itafuata. Laban aliomba chupa ya pili. Akaomba soda, akisema huenda maji yale yalikaa sana juani. Soda nayo ikashuka, ikitoa povu kidogo. Mpira ukashuka. Gari likashuka, na dereva, kwa mazoea, alikuwa ametoa mikono yote miwili nje ya dirisha.

Mwenyekiti wa baraza aliinama akaitazama barabara. "Bwana Laban," alisema, "hata kwangu Mutituni niko na maji yanayoshuka. Na sijajenga hoteli."

Walicheka hadi mwenyekiti akashika bega la dereva. Abukar, aliyekuwa amesimama kando na mbuzi wake, alicheka kuliko wote, kisha akaona uso wa Zuleha akanyamaza. Wageni walikunywa chai yote, wakasifu mahamri, wakaondoka. Zuleha alianza kuosha vikombe polepole, kama mtu asiyejua vitatumika tena lini.

Mutiso hakuondoka. Alivua koti, akalala kifudifudi barabarani, akafumba jicho moja. Akaweka pimamaji chini, akaisoma, akasimama, akatazama shamba. Kisha akaanza kucheka peke yake.

"Barabara hii haijawahi kupanda," alisema. "Kipimo kilinionyesha hivyo siku ya kwanza, nikadhani kimeharibika, kwa sababu macho yangu yaliona mlima."

Alieleza kwa kifupi. Barabara ilishuka kidogo kuelekea magharibi. Matuta ya shamba nayo yalishuka upande uleule, lakini kwa ukali zaidi. Mtu yeyote aliyewahi kuona shamba la kilimani anajua tuta huwa sawa, halilali. Basi jicho lake liliyaamini matuta, na barabara, kwa kuwa ilishuka kidogo kuliko matuta, ilionekana inapanda. Tuta moja lililonyooka lilitosha kuliambia jicho ukweli.

Munyiva aliweka mikono kiunoni.

"Yaani miaka hii yote watu wanatoka Nairobi kuja kuona kosa la mama yangu?"

"Ndiyo, mama. Na wanalipenda."

Zuleha aliacha vikombe. Alitaka kucheka lakini alijizuia, kwa sababu aliona rafiki yake anafikiri. Munyiva alikuwa ameelewa jambo jingine kabla ya wote. Tuta likibaki hivi lilivyo, hakuna ajabu. Pasipo ajabu hakuna hoteli, na pasipo hoteli shamba ni lake hadi mwisho. Angeweza kunyamaza tu, akashinda.

Alitazama kibanda. Alitazama rundo la mkonge. Mama yake alikuwa ameishi akichekwa kwa sababu ya mstari ule, naye jana aliufuta kwa furaha.

"Bwana mthamini," alisema, "tukiulaza tena, magari yataegeshwa wapi?"

"Popote, ila si shambani. Ukiweka uwanja wa magari hapo, matuta yanakwisha, na ajabu inakwisha pamoja nayo. Shamba lako ndilo Mpando, mama. Barabara ni kioo tu."

Munyiva aligeuka. "Laban, umesikia?"

Laban alisema amesikia.

"Basi sema wewe, hawa wote wasikie."

Laban aliwatazama akina mama wa mwethya, ambao wengi wao walimbeba mgongoni alipokuwa mtoto. Alisema kwamba magari yataegeshwa kwa baba yake, ng'ambo ya kijito, na hoteli itajengwa hukohuko, na wageni watatembea. Zuleha aliongeza kwamba watu wakitembea huona kiu.

Jumamosi walirudi na majembe. Hapo ndipo shida ilipoanza. Walifundishwa tangu ujana kwamba tuta lazima liwe sawa, na mikono yao ilikataa kufanya jambo jingine. Mutiso alichomeka vigingi kufuata mstari wa tuta la juu, lakini kila alipogeuka, mmoja wao alikuwa ameinua udongo kidogo hapa, ameshusha kidogo pale, na tuta limeanza kunyooka. Alipowaonya waliona haya, kisha wakarudia. Munyiva mwenyewe alikamatwa akisawazisha kwa mguu.

"Mnanyoosha," alilalamika Mutiso.

"Si sisi, ni majembe," alijibu mmoja wao.

Mwishowe Munyiva alisimama juu ya jiwe. Alisema kwamba mama zao hawakutumia vigingi, walitumia ubishi. Akawagawa makundi mawili, mashariki na magharibi, akampeleka Laban upande wa magharibi kwa sababu watu wa huko walikuwa wachache. Akaanzisha wimbo. Upande wa pili ukajibu kwa wimbo mwingine, kwa sauti ya juu zaidi, wenye maneno yasiyofaa kuandikwa kuhusu uvivu wa upande wa kwanza. Majembe yakaongeza kasi. Hakuna aliyetazama kigingi tena. Laban, ambaye mikono yake ilikuwa imezoea kalamu, alitunga ubeti wake mwenyewe, ukachekwa, akatunga mwingine.

Makundi yalipokutana, la mashariki lilikuwa juu na la magharibi lilikuwa chini. Mutiso aliweka kipimo, akashika jembe akaulaza mstari pale palipobaki, akasema inatosha. Mkonge wa zamani ulirudishwa mahali pake. Mkonge haufi upesi. Haukuwa umenyauka hata ncha.

Walishuka wote barabarani, wamejaa vumbi, na ndipo walipokumbuka desturi. Wote pale walikuwa wenyeji, na mwenyeji hamimini. Hata Mutiso alikataliwa, kwa kuwa alikuwa ameshika jembe. Wakakaa kando ya barabara, wakingoja mgeni kama watu wanaongoja mwezi uandame.

Aliyetokea alikuwa Abukar, akirudi kutoka sokoni. Alidai kwamba naye si mgeni tena, amepita hapo miaka mingi. Zuleha alimjibu kwamba mtu ambaye hajawahi kulima kwa Munyiva ni mgeni, akamkabidhi chupa.

Abukar alimimina. Maji yalisimama kidogo, yakatafuta njia, kisha yakaanza kupanda mlima.

Vigelegele vilisikika hadi ng'ambo ya kijito. Zuleha alimkumbatia Munyiva, wakapakana vumbi na unga wa mahamri. Abukar alisimama palepale akicheka, na hakuna aliyemwuliza ana nini.

Katika ripoti yake, Mutiso aliandika kwamba shamba na Mpando ni kitu kimoja na havipaswi kutenganishwa, wala tuta lolote lisinyooshwe. Baraza lilikubali. Hoteli ya Laban ilijengwa ng'ambo, ndogo kuliko alivyopanga, na wageni walitembea, na waliona kiu.

Mwaka uliofuata bwana shamba mpya aliletwa Mumbuni. Alikuwa ametoka chuoni, na aliipenda kazi yake. Siku ya kwanza alisimama chini ya shamba la Munyiva, akatikisa kichwa, akamwuliza kwa upole kama anajua kwamba matuta yake yamepinda.

Munyiva alisema anajua. Akaingia kibandani kwa Zuleha, akatoka na chupa ya maji.

"Mimina mwenyewe," alimwambia.