Sufi ya Kaskazini

Hasira zangu zilianza uwanja wa ndege na hadi leo sijapoa. Dada yangu wa Pemba alinipa fuko la sufi nimshonee mto mjukuu wangu wa kwanza, maana kwetu mto wa kwanza wa mtoto hushonwa na bibi yake. Afisa akalitupa pipani mbele ya macho yangu, eti huenda mna mbegu. Sufi isiyo na mbegu umeiona wapi, bwana we?

Nikarudi Tottenham mikono mitupu, na binti yangu Suad tumbo limeshashuka.

Wiki ileile akarudi Nizar, kaka yake. Watoto wa wenzangu ni madaktari na wahasibu. Wangu mimi anasomea nyasi! Kila kiangazi huenda kaskazini mwa dunia, kusikoota hata mti mmoja, akazama magotini kwenye kinamasi baridi akichuma majani. Baba yake alikufa yeye yuko huko, tukazika bila yeye. Safari hii aliapa ndiyo ya mwisho. Akapanga mifuko juu ya kabati langu.

"Ikae pakavu, Mama," akasema, akaenda kulala.

Nikaifungua. Vichwa vya nyasi vyeupe, laini, vinameta. Sufi hasa! Nikasema, alhamdulillahi, leo mwanangu kakumbuka kuwa msafiri humletea mamaye zawadi. Nikakaa kitako nikaichambua nilivyofundishwa, mbegu moja moja, kwani zikibaki mto hufanya mavimbe na huita panya. Mbegu zenyewe ndogo kuliko ufuta, macho yakaniuma. Nikazitupa, gari la taka likazibeba, nami nikashona mto.

Nizar aliuona mapajani mwa Suad akaunyakua.

"Mama, hizi samples zangu! Mbegu ziko wapi?"

"Nimetupa. Si taka zile?"

"Mbegu ndiyo degree yangu! Hiyo pamba ndiyo taka!"

Nikafoka. "Huna haya! Sufi ya Pemba inatupwa, nyasi zako zinapita uwanja wa ndege kwa barua ya chuo, halafu unanipigia kelele mie? Baba'ako kazikwa na majirani kwa ajili ya nyasi hizo!"

Alikaa kwenye kiti cha marehemu baba yake, uso viganjani.

"Nilishawaambia chuoni sirudi tena kaskazini," akasema. "Nilitaka nikae na wewe, Mama. Mtoto wa Suad nimuadhinie mimi sikioni, badala ya Baba. Sasa theluji haijashuka bado kule. Kesho narudi nikachume upya."

Akaenda. Msiba wa kujitakia hauna kilio, lakini mie nimelia, tena kwa ghadhabu, na sijui nimkasirikie nani kwanza.

Suad kajifungua Ijumaa, mtoto wa kiume. Kaadhiniwa na jirani. Amelala fofofo kwenye mto wangu, hauna hata vimbe moja, na mjomba wake yuko kinamasini anaokota nilichokitupa.